Shajara ya mradi: ringi ngumu za pistoni ya milimita 50

Siku ya 1

Oringi ya tatu, ile ringi ya mpira inayozuia mafuta yasivuje kando ya pistoni, imekufa leo. Nimeitoa kwenye mfuo wake, yaani mtaro uliochimbwa kuizunguka pistoni, ikiwa imejisokota kama kamba, ina mkato wa mshazari unaouzunguka mwili wote. Ugonjwa huu unajulikana kwa oringi zinazofungwa kwenye pistoni ya mwendo mrefu: sehemu moja ya mpira inateleza, sehemu nyingine inabiringika, na mwishowe mpira unajinyonga wenyewe hadi kuchanika. Ya kwanza ilidumu saa 14, ya pili 11, hii 9. Sitaweka ya nne.

Vipimo vya kijaribio changu ni hivi. Silinda ni ya chuma cha pua, kipenyo cha ndani milimita 50, imesuguliwa kwa mawe hadi ukwaru wa mikroni 0.3 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Pistoni ina kipenyo cha 49.8, kwa hiyo kuna nafasi ya milimita 0.1 kuizunguka. Mafuta ya haidroliki ya mnato 46, shinikizo baa 50, joto la kazi nyuzi 100. Nataka uvujaji usiozidi mililita 30 kwa dakika mafuta yakiwa moto.

Kitakachochukua nafasi ya mpira ni ringi ya chuma cha kusubu iliyokatwa mwanya. Hakuna ugunduzi hapo. John Ramsbottom, mhandisi wa reli wa Uingereza, alishaifanya mwaka 1852 kwa injini za mvuke. Kabla yake pistoni zilizungushiwa katani iliyoloweshwa mafuta ya mnyama, na kila katani ilipolegea mtu alilazimika kuja kuikaza upya. Ringi yake ilijikaza yenyewe kwa sababu ilikuwa springi.

Siku ya 3

Hesabu. Ringi ya duara yenye unene a, ikiwa imebanwa ndani ya silinda ya kipenyo d, inasukuma ukuta wa silinda kwa shinikizo hili:

p = E·m / (7.07·d·(d/a − 1)³)

Hapa m ni kiasi ambacho mwanya unajifunga ringi inapoingia silindani, na E ni ugumu wa chuma dhidi ya kunyumbuka, ambao kwa chuma cha kusubu cha kijivu ni karibu 100,000 N/mm². Mkazo mkubwa zaidi unakaa mgongoni mwa ringi, mkabala kabisa na mwanya, nao ni:

σ = E·m·a / (3π·r²)

r ikiwa ni nusu kipenyo cha katikati ya unene. Zitazame hizo mbili pamoja. Shinikizo linakwenda kwa kipeo cha tatu cha unene, mkazo unakwenda kwa unene tu. Nilipoona hivyo nilifurahi kupita kiasi: nikiongeza unene kidogo napata ringi yenye nguvu sana! Nikachagua unene wa 2.5 na m ya 7.5. Shinikizo likatoka 0.31 N/mm², mkazo 353.

Nilimpelekea fundi mkerezaji mchoro. Akaugeuza mara mbili, akaniuliza: "Mhandisi, hii utaivalishaje?"

Nikamjibu kwamba tutaipanua kidogo tu. Hakusema kitu, akawasha mashine.

Siku ya 6

Mbili zimepasuka mikononi. Zote mgongoni, pale pale fomula iliposema.

Kosa langu ni kwamba nilihesabu mkazo wa ringi ikiwa kazini, nikasahau ule wa kuivalisha. Ili ipite juu ya pistoni, mwanya lazima ufunguke, na kanuni ya mafundi ni kwamba hufunguka karibu mara 8 ya unene. Kwa unene wa 2.5 hiyo ni milimita 20. Ringi ikiwa huru ilikuwa na 7.5 tayari, zikabaki 12.5 za kulazimisha. Weka 12.5 mahali pa m kwenye fomula ya pili: 588 N/mm². Hakuna chuma cha kusubu cha kawaida kitakachovumilia hilo.

Kuna mtego mwingine humu ambao vitabu hupita haraka. Ukipunguza m ili kupoza mkazo wa kazini, unaongeza mkazo wa kuvalisha kwa kiasi kile kile, maana jumla ya hizo mbili ni mara 8 ya unene. Njia ya kutoka ni moja tu, kupunguza unene wenyewe. Nimeshuka hadi 1.8 na m ya 7. Mkazo wa kazini 230, wa kuvalisha 243, karibu zinalingana. Shinikizo limebaki 0.10 N/mm², yaani baa moja tu.

Baa moja dhidi ya mafuta ya baa 50! Ilinikosesha raha hadi nilipokumbuka jinsi ringi inavyofanya kazi. Haizuii mafuta kwa nguvu zake. Mafuta huingia kwenye mfuo kupitia upande wenye shinikizo, yanakaa nyuma ya ringi, kisha yenyewe ndiyo yanayoisukuma ibane ukuta wa silinda, na wakati huo huo yanaisukuma ibane ukuta wa mfuo upande wa pili. Ile baa moja ya springi ni ya kuanzia tu, ili ringi iwe imegusa kabla mafuta hayajafika. Kwa hiyo kuna nyuso mbili zinazoziba: uso wa nje dhidi ya silinda, na uso wa ubavu dhidi ya mfuo. Niliandika sentensi hiyo kwa wino mwekundu. Itaonekana mbele kwamba kuandika na kuamini ni vitu viwili.

Siku ya 9

Ringi za 1.8 zimevaliwa bila kupasuka. Tatizo sasa ni umbo.

Jaribio la mwanga: ingiza ringi silindani peke yake, weka taa upande mmoja, ziba katikati kwa kipande cha kadibodi, tazama upande wa pili. Mwanga unapopenya ndipo ringi isipogusa. Ringi zilizokerezwa duara kamili kwa kipimo kikubwa, kisha zikakatwa mwanya na kubanwa, zilionyesha miezi miwili ya mwanga, mmoja kila upande wa mwanya. Duara kubwa likibanwa haliwi duara dogo.

Tukabadili njia. Fundi alikereza ringi kwa kipimo kile kile cha silinda, duara kamili, akaikata kwa wembe wa msumeno, akatia kipini cha mviringo kati ya ncha mbili ili zikae wazi, kisha tukapasha moto hadi karibu nyuzi 600, ikiwa imefunikwa ndani ya kopo isishike kutu ya moto. Ilipopoa ilibaki imefunguka. Tulipoibana ndani ya silinda, mwanga haukupita popote.

Nilikaa nikijiuliza kwa nini, na jibu ni zuri kuliko nilivyotarajia. Ringi inaposukumwa na ukuta wa silinda sawasawa pande zote, nguvu ya kuikunja katika kila pembe inafuata 1 + cos θ, ikihesabiwa kutoka mgongoni. Kipini kikisukuma ncha mbili kwa mstari wa mguso wa duara, nguvu ya kuikunja nayo inafuata 1 + cos θ. Ni mchoro ule ule. Umbo ambalo kipini kinaipa ringi kwenye moto ndilo linalohitajika ili ikibanwa isukume sawasawa kila mahali. Sharti ni kwamba kipini kiguse ncha tu na ringi isiegemee kitu kingine chochote. Mojawapo iliegemea ukuta wa kopo, na mwezi wa mwanga ulirudi.

Siku ya 12

Jaribio la kwanza la kuvuja. Ringi moja, mwanya 0.25 ikiwa ndani, pistoni imesimama, baa 50.

Nyuzi 40: mililita 140 kwa dakika.
Nyuzi 100: mililita 440.

Mbaya sana. Mpira kabla haujafa ulikuwa ukivuja matone.

Siku ya 15

Leo nimeharibu silinda, nami naandika ili nisijifiche.

Nilipoona 440 niliukasirikia mwanya. Unaonekana kwa macho, kwa hiyo nikaona ndio mkosaji. Nikatengeneza ringi yenye mwanya wa 0.10 badala ya 0.25. Baridi ilivuja mililita 85, nikashangilia. Kisha nikamwaga mafuta ya moto kwenye kijaribio kilichokuwa baridi.

Mzingo wa ringi ni milimita 157. Chuma cha kusubu hutanuka karibu sehemu 11 kwa milioni kwa kila nyuzi. Ringi ni nyembamba, hupata moto papo hapo, ilhali silinda nene bado ni baridi. Tofauti ya nyuzi 80 inaongeza urefu wa milimita 0.14. Mwanya ulikuwa 0.10. Ncha ziligongana, ringi ikakosa pa kwenda, ikakwaruza silinda kwa urefu wa milimita 30 kabla sijazima pampu.

Nimesugua kwa mawe tena. Mkwaruzo umepungua lakini ukucha bado unauhisi.

Siku ya 17

Leo sikugusa chuma. Nilikaa na karatasi, na nilichokipata nilipaswa kukipata siku ya 12, maana namba zote zilikuwa mezani.

Mafuta yanavuja kwa njia mbili za tabia tofauti. Mwanya ni kitundu: upana 0.25 mara nafasi ya 0.1 kati ya pistoni na silinda. Mafuta yanapenya pale kwa kasi kubwa, na mnato hauna usemi mkubwa. Njia ya pili ni utando mwembamba kati ya ubavu wa ringi na ukuta wa mfuo. Huko mnato ndio mtawala: ukipungua mara 7, uvujaji unaongezeka mara 7. Na mafuta ya mnato 46, kutoka nyuzi 40 hadi 100, hupungua mnato takriban mara 7.

Basi ni mlinganyo wa kidato. Kitundu kiite x, utando uite y katika baridi.

x + y = 140
x + 7y = 440

y ni 50, x ni 90. Nikaangalia kitundu kwa hesabu ya peke yake, milimita mraba 0.025 chini ya baa 50, ikatoka karibu 96. Imelingana kuliko nilivyostahili. Kwa kujihakikishia nilirudisha ringi ya 0.25 na kushusha shinikizo hadi baa 25 katika baridi. Kitundu hupungua kwa mzizi wa pili wa shinikizo, 90 inakuwa 64. Utando hupungua nusu, 50 inakuwa 25. Jumla 89. Kipimo kilisoma 91.

Kwa hiyo mafuta yakiwa moto, kati ya mililita 440, mwanya unavujisha 90 tu na 350 zinapita ubavuni. Nilimkasirikia mwingine.

Utando wa y = 50 unamaanisha nafasi ya unene gani? Uvujaji wa utando unakwenda kwa kipeo cha tatu cha unene wake, na hesabu inarudisha karibu mikroni 10. Nilifunga pistoni kwenye mashine, nikaweka geji ya saa kwenye ukuta wa mfuo, nikazungusha kwa mkono. Sindano ilicheza mikroni 12.

Fundi alitazama sindano. "Mfuo niliuchimba kwa kisu cha kukatia, kikatetemeka," akasema. "Hukuniambia ubavu una kazi."

Kweli sikumwambia. Kwenye mchoro wangu uso wa silinda ulikuwa na alama tatu za ulaini, na ukuta wa mfuo haukuwa na hata moja. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu kwamba nyuso ni mbili.

Siku ya 19

Fundi amepitisha kisu chembamba kwenye ukuta wa mfuo wa upande usio na shinikizo, ule unaobeba ringi. Mchezo sasa ni mikroni 3. Ringi mpya zimesagwa mabavu kwa msasa wa maji namba 600 juu ya kioo, kwa mwendo wa namba nane, hadi rangi ikawa moja uso mzima. Nafasi ya ringi ndani ya mfuo ni 0.04.

Baridi 92, moto 104. Joto sasa halina tofauti kubwa, maana yake utando umezibwa na kilichobaki ni kitundu peke yake. Sasa ndiyo zamu ya mwanya.

Siku ya 20

Mifuo miwili, ringi mbili, myanya ikitazamana kinyume. Kila ringi inabeba takriban nusu ya shinikizo, kitundu kinapungua kwa mzizi wa mbili tu. Nilitarajia 64, nikapata 66. Haitoshi, na kuongeza ya tatu na ya nne ni kulipa msuguano kwa faida inayozidi kupungua.

Siku ya 22

Watu wengi hukimbilia kiungo cha ngazi: ncha moja inakatwa nusu ya juu, nyingine nusu ya chini, zinapandana. Nilichora, nikaufuata mstari wa mafuta kwa kalamu, nikagundua haizibi kama inavyoonekana. Kumbuka nyuma ya ringi kuna baa 50 pia. Nusu ya chini bado ina mwanya wake, na mafuta yaliyo nyuma yanatoka kupitia mwanya huo kwenda moja kwa moja upande usio na shinikizo. Ngazi inaziba njia ya juu kwenda chini, inaacha wazi ya ndani kwenda nje. Vivyo hivyo ringi mbili nyembamba ndani ya mfuo mmoja.

Kiungo kinachoziba njia zote mbili kina ulimi unaoingia chini ya mdomo, kama bawaba. Kwenye ringi ya unene wa 1.8 na kimo cha 2.5 kazi hiyo ni ya sonara, na chuma cha kusubu hakina subira na tupa.

Nimechagua vipande vitatu: ringi mbili za nje za kimo cha milimita 1.25 kila moja, myanya ikipishana nusu mzunguko, na ndani yake utepe wa chuma cha springi wa unene wa 0.4 unaozunguka zote mbili kwa nyuma, mwanya wake ukiwa mbali na ya wenzake. Mwanya wa ringi ya chini sasa umezibwa juu na ringi mwenzake, na nyuma na utepe. Fundi amechimba mfuo uwe na kina zaidi.

Siku ya 24

Wakati nasubiri utepe nilijaribu njia nyingine: ringi nzima ya tefloni iliyochanganywa na bronzi, isiyo na mwanya, ikikalia oringi. Oringi hapo haisuguani na silinda, kwa hiyo haijinyongi. Kazi yake ni kuisukuma tefloni kutoka chini. Nimeweka ya mpira wa floro inayohimili joto hili.

Asubuhi chumba kilikuwa nyuzi 17. Nilikereza ringi, nikapima, sawasawa. Mchana, nyuzi 26, ilikuwa imekua milimita 0.15 kwenye kipenyo. Nilidhani maikromita imeharibika. Kumbe tefloni hubadili mpangilio wa fuwele zake kwenye nyuzi 19 na ujazo wake unaruka karibu asilimia 1. Bronzi inapunguza tabia hiyo bila kuiondoa. Tangu leo tefloni inapimwa ikiwa juu ya nyuzi 23.

Uvujaji: chini ya mililita 1, moto na baridi. Nikaacha iendeshe usiku.

Siku ya 25

Vumbi la rangi ya shaba kwenye chujio. Ringi ya tefloni ina mfereji mmoja kwenye uso wa nje, upana wa nywele, mahali pale pale panapopita mkwaruzo wa siku ya 15. Tefloni ni laini, kila mwendo inapita juu ya kovu na kuacha kidogo. Hii itasubiri silinda mpya.

Siku ya 27

Vipande vitatu. Baridi 3, moto 16.

Siku ya 33

Saa 60 za mwendo, mafuta yakiwa nyuzi 100. Uvujaji 17. Nimetoa ringi na kuziweka silindani peke yake kupima mwanya kwa fila geji, yaani bapa nyembamba za kupimia nafasi: kutoka 0.25 hadi 0.31. Ringi ikilika kiasi fulani usoni, mwanya hufunguka mara 2π ya kiasi hicho, kwa hiyo 0.06 inamaanisha uso umelika milimita 0.01. Napenda kipimo hiki. Maikromita isingenionyesha kwa uhakika huo. Chuma cha kusubu kimepita juu ya kovu bila kulalamika, kimeling'arisha tu.

Kesho nageuza upande wa shinikizo. Ukuta wa pili wa mfuo hatukuugusa siku ya 19, bado una mikroni zake 12. Nimeandika makadirio pembeni kabla ya kuwasha pampu: baridi 50, moto 350.